Kihatarishi si Kisababishi: Funzo kutoka Bergamo

Mapema mwaka 2021 nilikwenda kijijini kumzika mjomba wangu, mwalimu mstaafu aliyekuwa amefundisha katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na umri wa miaka 68. Aliugua homa na kikohozi kwa siku sita. Siku ya saba pumzi zilimwishia garini, tukiwa tunamtoa katika hospitali iliyoishiwa na oksijeni tukiitafuta nyingine iliyokuwa nayo. Majibu ya vipimo yalitufikia siku mbili baada ya mazishi. Yalisema kwamba mzee alikuwa ameambukizwa korona. Walakini, miongoni mwetu sisi wachache tulioruhusiwa kukaa matangani, kauli iliyotawala, kabla ya majibu na hata baada yake, ilikuwa moja tu: "Mwalimu alikuwa na sukari." Aliyeitamka alishusha pumzi, aliyeisikia akaitikia kwa kichwa, kisha mazungumzo yakahamia kwenye mahindi na karo za shule.

Mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa isimu, na riziki yangu naipata kwa kuyapima maneno. Kwa hiyo niliyabeba maneno hayo manne hadi nyumbani, na sijayatua tangu siku hiyo. Kisarufi, sentensi hiyo haina kosa lolote. Na kwa upande wa ukweli, mjomba alikuwa na kisukari kweli, alichoishi nacho kwa miaka kumi na mitano huku akilima, akiimba kwaya na kuwasahihishia wajukuu insha zao. Lakini sentensi hufanya kazi zaidi ya kuarifu. Hii ilifanya kazi ya hakimu: ilifunga faili. Baada yake hakuna aliyeuliza mzee aliambukizwa wapi, kwa nini hakupimwa mapema, wala oksijeni ilikuwa wapi.

Huenda msomaji akadhani kwamba hii ni tabia yetu sisi watu wa matanga ya kijijini. La hasha! Kauli iyo hiyo ilikuwa imekwisha kutamkwa mwaka mmoja kabla, katika lugha ya Kiitaliano, kwenye mojawapo ya maeneo yenye utajiri mkubwa zaidi barani Ulaya, na magazeti ya ulimwengu yakaidaka na kuieneza. Nataka tulitazame eneo hilo kwa makini, kwa maana yaliyotokea huko yamechunguzwa kwa takwimu ambazo sisi hapa hatukuweza kuzikusanya, na yanatufundisha kutofautisha maneno mawili ambayo tunayachanganya kila siku.

Mkoa wa Lombardia, kaskazini mwa Italia, una watu takriban milioni 10. Ndani yake kuna jimbo la Bergamo, lenye wakazi kama milioni 1.1. Mwezi Machi mwaka 2020 idadi ya vifo vya sababu zote katika jimbo la Bergamo ilipanda kwa asilimia 568 ikilinganishwa na wastani wa mwezi huo katika miaka mitano iliyotangulia. Gazeti la mji huo, ambalo kwa kawaida lilikuwa na kurasa mbili tatu za matangazo ya vifo, tarehe 13 Machi lilichapisha kurasa kumi. Usiku wa tarehe 18 Machi malori ya jeshi yaliondoka mjini kwa msafara yakiwa yamebeba majeneza, kwa kuwa tanuri la kuchomea maiti lilikuwa limezidiwa. Kufikia mwisho wa Mei, Lombardia ilikuwa imetangaza vifo zaidi ya 16,000.

Ulimwengu ukauliza: kwa nini huko? Jibu la kwanza lilikuja upesi. Mnamo Machi mamlaka ya afya ya Italia ilichunguza kumbukumbu za marehemu 355. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 79.5. Zaidi ya thuluthi moja walikuwa na kisukari, asilimia 30 walikuwa na ugonjwa wa moyo, na karibu nusu walikuwa na maradhi matatu au zaidi. Waliokuwa hawana ugonjwa wowote kabla ya korona walikuwa watatu tu. Hapo ndipo vichwa vya habari vilipotangaza kote duniani kwamba asilimia 99 ya waliofariki Italia walikuwa wagonjwa tayari. Kwa maneno mengine: walikuwa na sukari.

Takwimu hizo zilikuwa za kweli. Kosa lilikuwa katika kuzisoma. Aliyezisoma hakujiuliza swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angepaswa kujiuliza: je, ni Waitaliano wangapi wenye umri wa miaka 80 wasio na shinikizo la damu, kisukari wala maradhi ya moyo? Wengi wa wazee wa umri huo, huko na kwingineko, wana mojawapo ya maradhi hayo, nao wanakunywa dawa zao asubuhi na kwenda sokoni. Watafiti wa Glasgow walizitumia takwimu hizo za Italia kukadiria muda ambao marehemu hao wangeishi lau wasingepatwa na korona, baada ya kuyahesabu maradhi yao ya awali. Walipata wastani wa karibu miaka kumi. Miaka kumi ya mjomba wangu ingekuwa na mavuno mengi na insha nyingi za wajukuu.

Waitaliano wenyewe walibishana juu ya viambajengo viwili vidogo vya lugha yao: je, marehemu walikufa *per* Covid, yaani kwa Covid, au walikufa *con* Covid, yaani na Covid? Mjadala huo unamgusa mwanaisimu wa Kiswahili kwa njia ya pekee, kwa kuwa neno letu "na" lina nyuso mbili. Tunasema "Juma alikuja na mwizi", na hapo "na" inaonyesha mwandani. Tunasema pia "Juma alipigwa na mwizi", na hapo "na" inaonyesha mtenda. Mtu akisema "Mwalimu alikuwa na sukari", kwa sarufi anatutajia mwandani tu. Lakini masikio ya wafiwa husikia mtenda. Sukari iliyokuwa ikifuatana na mzee kwa miaka kumi na mitano inapandishwa kizimbani, na aliyempiga anatoka kwa mlango wa nyuma.

Katika fani ya afya kuna neno linaloweza kutusaidia, nalo ni "kihatarishi". Limeundwa vyema. Kutokana na "hatari" tunapata kitenzi "hatarisha", na kutokana na kitenzi hicho tunapata "kihatarishi", kitu kinachomweka mtu penye uwezekano mkubwa zaidi wa kudhurika. Sambamba nalo lipo "kisababishi", kutokana na "sababu" na "sababisha". Maneno haya ni kama ndugu wa baba mmoja, lakini hayana kazi moja. Paa la makuti makavu ni kihatarishi cha moto. Hata hivyo, makuti hayajiwashi. Nyumba ikiteketea, mwenye busara haishii kusema, "Ilikuwa na makuti." Huuliza cheche ilitoka wapi, upepo ulivuma kutoka upande gani, na maji ya kuzimia yalikuwa umbali gani.

Basi tuyahesabu makuti ya Lombardia bila kuficha. Umri ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Mwaka 2020 takriban asilimia 23 ya Waitaliano walikuwa na miaka 65 au zaidi. Nchini Kenya watu wa umri huo hawafiki asilimia 5. Na hatari ya korona ilipanda pamoja na umri kwa kasi ya kutisha: kabla ya chanjo, katika kila watu 1,000 walioambukizwa, walikadiriwa kufariki wanne kati ya wenye miaka 55, kumi na wanne kati ya wenye miaka 65, arobaini na sita kati ya wenye miaka 75, na 150 kati ya wenye miaka 85. Jinsia nayo ilikuwamo: mwanzoni, wanaume walikuwa karibu asilimia 70 ya marehemu wa Italia. Maradhi ya moyo, kisukari na shinikizo la damu yaliongeza hatari hiyo. Hewa chafu ya bonde la mto Po, mojawapo ya hewa chafu zaidi Ulaya Magharibi, imetajwa pia, ingawa uzito wake ungali unajadiliwa.

Hata damu imechunguzwa. Mwaka 2020 wanasayansi waligundua kwamba kipande fulani cha kromosomu ya tatu, ambacho baadhi ya watu walikirithi kutoka kwa binadamu wa kale wa Neanderthal, huongeza uwezekano wa kuugua korona vibaya. Mwaka 2023 taasisi ya Mario Negri ilichapisha uchunguzi wa maelfu ya wakazi wa jimbo la Bergamo, na kuthibitisha kwamba waliokirithi kipande hicho walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kupata nimonia kali. Kipande hicho ni kama hakipatikani miongoni mwa Waafrika. Kuna baadhi yetu walioishangilia habari hiyo: kumbe ugonjwa ulikuwa wa Wazungu! Wakasahau Uingereza. Huko, katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2020, wanaume Weusi walikuwa na hatari ya kufa kwa korona mara nne zaidi ya Wazungu wa umri wao, bila ya kipande hicho cha Neanderthal. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilipungua pale watafiti walipoyaingiza katika hesabu mambo kama makazi, mapato na hali ya maisha. Damu ni kuti mojawapo, si moto.

Sasa tufike kwenye cheche, na hapa nawaomba walimu wa hisabati wanisikilize. Jirani na Lombardia upande wa mashariki kuna mkoa wa Veneto, wenye watu takriban milioni 4.9. Ni majirani wa chanda na pete: wazee wao ni wa umri uleule, vyakula vyao vinafanana, wanavuta hewa ya bonde lile lile. Kama umri na maradhi ndivyo vilivyoua, vifo vingekuwa vya kiwango kimoja. Kufikia mwisho wa Mei 2020, Veneto ilikuwa imetangaza vifo takriban 1,900. Ukipiga hesabu utaona kwamba Lombardia ilipoteza watu kama 160 katika kila 100,000, na Veneto kama 39. Mara nne!

Uchunguzi wa kitaifa wa chembe za kinga katika damu, uliofanywa katikati ya mwaka huo, ulionyesha ni watu wangapi waliokuwa wameambukizwa. Lombardia ilikuwa asilimia 7.5. Veneto ilikuwa asilimia 1.9. Ni mara nne pia. Katika jimbo la Bergamo peke yake kiwango kilikuwa asilimia 24, karibu mtu mmoja katika kila wanne. Tazama, msomaji, jinsi namba hizi zinavyozungumza. Watu wa Lombardia hawakuwa dhaifu mara nne kuliko jirani zao. Waliambukizwa mara nne zaidi. Umri unatueleza nani alikufa kati ya walioambukizwa. Hautuelezi kwa nini wengi hivyo waliambukizwa.

Kwa nini, basi? Sehemu ya jibu ni bahati mbaya. Virusi vilikuwa vimekwisha kuzunguka Lombardia tangu Januari bila kuonekana. Lakini havikuonekana kwa sababu gani? Hapa tunarudi kwenye maneno. Kwa mujibu wa mwongozo wa wakati ule, mgonjwa wa kupimwa alikuwa mtu mwenye dalili aliyekuwa na uhusiano na Uchina. Fasili hiyo iliwafumba macho madaktari kwa wiki kadhaa. Tarehe 20 Februari, katika mji mdogo wa Codogno, daktari Annalisa Malara alikuwa na mgonjwa wa miaka 38, mwanamichezo, ambaye nimonia yake haikusikia dawa. Hakuwa ametoka Uchina. Daktari huyo aliomba kibali cha kumpima kinyume cha mwongozo, na usiku huo Italia ikagundua kwamba nyumba ilikuwa ikiungua. Siku moja kabla, zaidi ya watu 40,000 walikuwa wamejazana katika uwanja wa San Siro mjini Milano kuishangilia Atalanta, timu ya Bergamo, ikiifunga Valencia mabao 4-1.

Sehemu nyingine ya jibu ni maamuzi. Tarehe 23 Februari wilaya kumi za kando ya Codogno na moja ya Veneto, iitwayo Vò, zilifungwa. Huko Vò karibu wakazi wote wapatao 3,200 walipimwa, wenye dalili na wasio nazo, na ikadhihirika kwamba zaidi ya asilimia 40 ya walioambukizwa hawakuwa na dalili yoyote. Veneto ikashika funzo: ikapima watu wengi na kuwafuata wagonjwa majumbani. Lombardia, iliyojivunia hospitali zake kubwa, iliwaacha wagonjwa waje hospitalini, na baadhi ya hospitali zikageuka kuwa njia za maambukizi. Miji ya Nembro na Alzano Lombardo, karibu na Bergamo, haikufungwa hadi mkoa mzima ulipofungwa tarehe 8 Machi. Siku iyo hiyo serikali ya mkoa iliyaomba makao ya wazee yapokee wagonjwa wa korona waliopata nafuu ili kupunguza msongamano hospitalini. Msomaji atafakari mwenyewe maana ya kuupeleka moto kwenye ghala la makuti.

Maji ya kuzimia nayo hayakutosha. Lombardia nzima ilikuwa na vitanda vya wagonjwa mahututi wapatao 720, na katika majira ya baridi vingi huwa vimeshikwa tayari. Si ajabu kwamba wazee wengi walifia majumbani, na wengi wao hawakuhesabiwa. Nembro ina watu kama 11,500. Tangu Januari hadi karibu mwisho wa Machi 2020 walikufa 158, ilhali wastani wa miaka iliyotangulia ulikuwa 35. Katika takwimu rasmi waliotajwa kufa kwa korona walikuwa 31 tu. Waliobaki, daftari liliwaandikia nini? Bila shaka walikuwa na moyo, walikuwa na mapafu, walikuwa na uzee.

Nimeyaeleza haya yote si kwa kuwacheka Waitaliano. Aliye mzima aombe asipate la kuchekwa. Nimeyaeleza kwa sababu Italia iliweza kujisahihisha kwa kuwa ilihesabu. Ilikuwa na daftari la vifo la kila wilaya, ikalilinganisha na la miaka iliyopita, na pengo likaonekana hata pale ambapo majina ya maradhi yalificha. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na vifo tulivyovitangaza kwa miaka yote ya janga ni zaidi kidogo ya 5,600. Hapana shaka ujana wa taifa letu ulitukinga sana. Lakini nani kati yetu hakuzika mtu ambaye hakuwamo katika hesabu hiyo? Taifa ambalo wengi wa watu wake hufia nyumbani na kuzikwa kabla ya daktari kuulizwa, huandika historia yake ya maradhi kwa kauli za matangani.

Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa letu sisi walimu. Tunawafundisha wanafunzi vihusishi na viunganishi kana kwamba ni vipande vya fumbo la mtihani, vya kupigiwa mistari na kupewa alama mbili. Tuwafundishe pia kwamba "na" na "kwa" huamua nani anashtakiwa na nani anasamehewa. Mwanafunzi akisoma kwamba kipindupindu kimeua watu katika mtaa wa mabanda "kwa sababu ya uchafu wao", aulize mabomba ya maji yaliishia wapi. Akisikia kwamba mama alifia leba "kwa kuwa alikuwa na presha", aulize gari la wagonjwa lilikuwa wapi, na damu, na mkunga. Presha ilikuwamo, ndiyo. Lakini iliitwa ije ikamilishe sentensi ambayo watu wengine hawakutaka kuimaliza.

Wala nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba vihatarishi vipuuzwe. Kinyume chake! Mtu akijua kwamba ana makuti, huiweka mbali jiko lake. Kujua kwamba wazee na wenye kisukari wako hatarini zaidi kulikuwa na faida moja kuu: kutuonyesha nani akingwe kwanza, nani achanjwe kwanza, nani awekewe oksijeni karibu. Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kihatarishi ni ufa uliotangazwa mapema. Kukitumia kama udhuru baada ya ukuta kuanguka ni kuigeuza maarifa kuwa blanketi la kufunikia maiti.

Agosti iliyopita nilirudi kijijini. Shangazi yangu, mjane wa marehemu, alinitengea chai chini ya mwembe, tukazungumza habari za mzee. "Mwanangu," akaniambia, "watu husema alikuwa na sukari. Mimi niliipika sukari hiyo miaka kumi na mitano, nikaijua hata saa zake za kula. Siyo iliyomchukua." Kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu, na ambalo sasa nawakabidhi wasomaji wangu, hususan wale watakaokuwa madaktari, wahasibu wa kaunti na mawaziri:

"Ile hospitali, siku hizi ina hewa?"